Vidonge Saba vya Sada

Kemilembe alikuwa na miaka hamsini na nane, na katika miaka hiyo yote hakuwa amejifunza kumnyima mtu kitu. Pale kijijini Izigo, nje ya mji wa Bukoba, aliyeishiwa chumvi alikwenda kwake. Aliyetaka miche ya migomba alikwenda kwake. Hata waliopita kusalimia tu waliondoka na ndizi au kikapu cha maharage, na mtu akikataa alifuatwa mpaka barabarani. Mumewe, Gamaliel, mkulima wa kahawa na mtu wa maneno machache, alikuwa ameshaacha kuuliza vitu vya nyumbani vimekwenda wapi.

Ndiyo maana jambo alilolifanya mwezi wa nne, siku ya kliniki, halikumtia shaka hata kidogo wakati akilifanya. Rafiki yake alikuwa hana, yeye alikuwa nacho, akampa. Ila safari hii kitu chenyewe kilikuwa vidonge.

Saratani ya titi ilikuwa imemjia mara mbili. Mara ya kwanza walimkata titi la kushoto huko Mwanza, wakamtundikia dripu za dawa mpaka nywele zikaisha kichwani, akarudi kibanjani kwake, shamba la migomba linaloizunguka nyumba, akaendelea na maisha. Miaka minne ikapita. Kisha mgongo ukaanza kumuuma, akadhani ni kuinama shambani, akajichua kwa mafuta miezi miwili mizima. Kumbe ugonjwa ulikuwa umerudi, na sasa ulikuwa kwenye mifupa.

Daktari wake, Dokta Kahigi, alikuwa akija Bukoba kila Alhamisi kuhudumia kliniki ya saratani katika hospitali ya mjini. Hakumficha kitu. Alimwambia kwamba kuuondoa ugonjwa wote haitawezekana, lakini siku hizi kuna vidonge vinavyoulenga wenyewe, vinavyozizuia seli za saratani zisigawanyike, na watu wengi wanaishi navyo miaka, wakilima, wakipika, wakienda kwenye harusi za watoto wao. Kemilembe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama atavimeza kwa maji au kwa chai.

Yaliyobaki alifundishwa na Sista Renatha, muuguzi wa kliniki ile, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamuru hata anapokusalimia. Vidonge vilikaa kwenye paketi yenye karatasi tatu ngumu, kila karatasi vidonge saba. Kimoja kila siku kwa siku ishirini na moja, saa ileile, baada ya kula, kizima bila kukitafuna wala kukivunja. Kisha siku saba za kupumzika, akiendelea na kile kidonge kingine kidogo cha homoni peke yake. Akisahau siku moja, au akitapika baada ya kumeza, asijaribu kufidia kwa kumeza viwili. Angoje cha kesho. Dawa yoyote ya majani, hata ile anayoinywa tangu utoto, aulize kwanza. Na balungi asiguse, maana linaweza kuifanya dawa iwe kali kupita kiasi mwilini.

"Hata kipande kimoja?" aliuliza Gamaliel, ambaye siku hiyo alikuwa amemsindikiza mkewe.

"Hata kipande kimoja, baba."

Gamaliel aliporudi nyumbani alivuna mabalungi yote ya mti uliokuwa nyuma ya jiko, akayapeleka shule ya msingi ndani ya gunia, wala hakumweleza mtu sababu.

Jambo la mwisho Sista Renatha aliliandika kwenye kadi ya njano, pamoja na namba ya simu. Dawa hii hupunguza seli nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu. Kwa hiyo kila kabla ya kuanza paketi mpya ni lazima damu ipimwe. Na joto la mwili likifika thelathini na nane, mgonjwa aende hospitali saa hiyohiyo, aoneshe kadi, asikae nyumbani akidhani ni malaria.

Kwenye benchi la kliniki hiyo ndipo Kemilembe alipokutana na Sada. Alikuwa mshonaji wa Hamugembe, mtaa wa pale mjini; babu yake alikuja Bukoba kutoka pwani zamani hizo akaoa hukohuko, na yeye Sada alizungumza Kihaya cha haraka kuliko Kemilembe mwenyewe. Alikuja kliniki na futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni kwa sababu alisahau kuivua. Ugonjwa wao ulifanana, vidonge vyao vilifanana, na Sada alikuwa amemtangulia miezi miwili. Yeye ndiye aliyemwonesha Kemilembe kwamba kidonge kikubwa hushuka vizuri ukiinamisha kidevu badala ya kuinua kichwa kama kuku anayekunywa maji.

Tangu siku hiyo walipanga tarehe zao zilingane. Wakitoka kliniki walishuka pamoja mpaka kwa Sada, wakala samaki kwa ndizi zilizotoka Izigo, na Kemilembe akasikiliza habari za mji wote huku mwenzake akimalizia sketi za sare za shule kwenye cherehani. Ilikuwa imefika mahali Gamaliel akiulizwa mkewe yuko wapi siku ya Alhamisi, hajibu yuko hospitali. Anajibu yuko kwa Sada.

*

Alhamisi ile mvua ilinyesha tangu asubuhi. Walitolewa damu, wakakaa kusubiri majibu, na Sada ndiye aliyeitwa kwanza. Alipotoka ndani alikuwa mikono mitupu.

Kemilembe alimtazama usoni, akataka kuuliza, lakini jina lake lilikuwa limeshaitwa. Aliingia. Damu yake ilikuwa nzuri, akapewa paketi mpya, akasaini, akatoka haraka. Sada alikuwa amesimama barazani akiangalia maji yanavyotiririka kwenye mfereji.

"Wamenirudisha," alisema.

"Wamekurudisha vipi?"

"Seli nyeupe ziko chini. Nisianze paketi. Nikae wiki nzima bila kumeza, Alhamisi ijayo nije wanipime tena, ndipo waamue."

"Basi ni wiki moja tu, Sada."

"Dada yangu naye aliambiwa wiki moja."

Kemilembe aliijua habari ya dada huyo. Aliugua ugonjwa huohuo, miaka kumi na miwili iliyopita, mji mwingine, wakati ambapo Sada alikuwa akimuuguza. Wiki moja dada huyo aliambiwa mashine imeharibika, asubiri. Wiki iliyofuata mtaalamu amesafiri, asubiri. Alisubiri mpaka wakamzika. Dokta Kahigi alikuwa amemweleza Sada kwa kirefu kwa nini anamsimamisha dawa, lakini Sada alipolisikia neno la kusubiri masikio yake yalifunga, na maelezo yote yaliyofuata yakapita juu kama upepo.

Walishuka mpaka Hamugembe. Mwajuma, binti yake Sada anayeishi naye, alikuwa amekwenda sokoni. Chakula kilikuwa tayari lakini hakuna aliyekigusa. Sada alikaa kwenye kiti cha cherehani, mikono mapajani.

"Ukiwa huna dawa mwilini, ugonjwa unafanya nini?" aliuliza. "Unakaa tu unakungoja?"

Kemilembe aliuvuta mkoba wake. Paketi mpya ilikuwamo. Aliitoa, akaifungua, akachomoa karatasi moja yenye vidonge saba, akaiweka juu ya cherehani.

"Chukua."

Sada aliitazama bila kuigusa. "Na wewe?"

"Zimebaki mbili. Mpaka nizimalize hizo, wewe utakuwa umeshapewa zako, utanirudishia."

"Sista Renatha alisema tusigawane na mtu."

"Sista alikuwa anawasema wale wanaowagawia majirani wenye maumivu ya kichwa. Sisi ugonjwa wetu ni mmoja. Dawa ni ileile. Wewe ulinifundisha mimi kuimeza."

Machozi yalimtoka Sada, akayafuta kwa kitambaa cha sare kilichokuwa karibu, kisha akacheka kwa kuwa alikuwa amekichafua. Walikula. Kemilembe aliondoka akiwa na furaha ile aliyoizoea, ya mtu aliyetoa. Ila alipofika nyumbani na Gamaliel akamuuliza habari za kliniki, alijibu kwamba damu ni nzuri na Sada hajambo, akaenda moja kwa moja kupanga vidonge vyake kabatini, mgongo wake ukiwa umemkinga mumewe asione karatasi ziko ngapi. Alijishangaa kidogo. Hakuwa na kawaida ya kumficha Gamaliel vitu alivyotoa.

*

Jumapili baada ya ibada alimpigia Sada simu. Sada alisema anameza vizuri, saa mbili asubuhi kama kawaida, na moyo umetulia. Jumanne alisema ana vidonda mdomoni na mwili mzito, bila shaka ni hii baridi ya mvua. Kemilembe alimshauri asukutue kwa maji ya chumvi.

Jumatano, jua likiwa limepanda, Kemilembe alikuwa barazani akichambua maharage. Simu ililia. Alikuwa Mwajuma.

"Shikamoo mama mkubwa. Mama anatetemeka tangu alfajiri. Nimempeleka duka la dawa akapimwa malaria, hana, lakini nimeona ninunue tu dawa ya malaria aanze, maana mvua hizi..."

"Mmempima joto?"

"Ndiyo. Thelathini na nane na pointi sita."

Maharage yalimwagika. Kemilembe alikuwa amesimama bila kujua. "Mwajuma, nisikilize. Mpeleke hospitali sasa hivi. Ile kadi ya njano iko kwenye mkoba wake, uwaoneshe."

"Nilimwambia, anakataa. Anasema kesho si ndiyo siku yake ya kliniki. Tena anasema wiki hii hamezi vidonge, amesimamishwa, kwa hiyo homa hii haihusiani navyo."

 Kuku walikuwa wameshaanza kudonoa maharage pale chini. Kemilembe alielewa mara moja kwamba Sada alikuwa akimkinga yeye. Alitaka kusema ukweli, akajizuia. Akiambiwa Mwajuma, na hospitali itajua. Na hospitali ikijua, Sista Renatha atamtazama vipi? Na kama wataamua kwamba mtu wa namna hii hastahili kupewa dawa?

"Mpeleke hata akikataa," alisema hatimaye. "Mwambie mimi ndiye niliyesema. Chukua pikipiki, mwende."

Simu ilipokatika alibaki ameishika. Gamaliel alikuwa anatoka kibanjani na panga lake, akaona maharage, akaona kuku, akamwona mkewe.

"Kuna nini, Mama Lilian?"

Alimwambia. Yote, kwa sentensi nne au tano, akiangalia panga badala ya uso wa mumewe. Gamaliel alisikiliza. Hakupaza sauti, hakuwa na desturi hiyo. Aliuliza swali moja tu.

"Umewaambia hospitali?"

"Bado."

"Basi wanamtibu mtu wasiyemjua," alisema Gamaliel, akaliegemeza panga ukutani, akaingia ndani kuchukua koti.

Jirani yao Ildefons alikuwa na gari dogo analopelekea parachichi mjini. Waliondoka hivyohivyo, Kemilembe na kanga ya jikoni, na Ildefons akajaribu kuzungumza habari za barabara mpaka akaona haitikiwi.

*

Hospitalini walimkuta Mwajuma kwenye korido. Sada alikuwa amelazwa chumba cha peke yake, dripu mkononi, antibayotiki zimeshaanza kupita. Sista Renatha alitoka chumbani akiwa amevaa barakoa, akawaona, na badala ya salamu akawanyooshea kidole wasimame palepale.

"Wewe, mama, usisogee. Seli zako nazo si za kuchezea." Alimpa Kemilembe barakoa, akamwelekeza kwenye bomba anawe mikono. Kisha sauti yake ikashuka. "Hali yake inatusumbua. Seli nyeupe zimeanguka mno kuliko wiki iliyopita. Mtu akipumzishwa dawa, zinapanda. Zake zimeshuka. Nimempigia Dokta Kahigi, naye anahofia ugonjwa umeingia kwenye uboho wa mifupa. Anaandaa barua, Sada akipata nafuu kidogo tumpeleke Mwanza wakamtoboe mfupa wachukue uboho."

Mwajuma alianza kulia taratibu.

Kemilembe aligeuka. Akamtazama Gamaliel. Gamaliel alikuwa anaangalia sakafu, na Kemilembe alijua kwamba mumewe hatamsemea; ilikuwa juu yake mwenyewe kusema.

"Sista," alisema. "Hakupumzika. Amemeza siku sita. Nilimpa karatasi moja kwenye paketi yangu."

Sista Renatha alimtazama kwa muda ambao Kemilembe aliuona mrefu kama ibada ya Pasaka. Alijiandaa kufokewa. Lakini muuguzi yule alivuta pumzi, akatoa simu mfukoni, akasogea dirishani.

"Dokta, sitisha ile barua. Tumepata sababu." Akaeleza. Akasikiliza. Akasema "ndiyo" mara tatu. Aliporudi aliketi kwenye benchi, akampigapiga Kemilembe goti aketi naye.

"Umetuepusha na safari ya Mwanza," alisema. "Na umemwokoa na sindano ya mfupa ambayo haikuhitajika. Sasa hilo nimelisema, naomba nami unisikilize. Ulidhani tumemnyima dawa?"

"Nilidhani anakaa bila kinga."

"Ile wiki ya kusubiri ilikuwa ndiyo kinga yake. Vidonge hivi vinazuia seli mbaya zisizaliane, lakini na zile nzuri za damu navyo vinazigusa. Tunapoona zimepungua tunasimama, mwili uzitengeneze upya, ndipo tunaendelea, pengine kwa kipimo kidogo zaidi. Wewe umempa kipimo kikubwa wakati alikuwa hana askari hata wa kulinda mlango. Kijidudu cha kawaida tu, cha mdomoni mwake mwenyewe, kimepita."

"Ugonjwa wetu si mmoja?"

"Jina ni moja. Damu ni mbili. Kila paketi ninayoitoa hapa nimeitoa kwa majibu ya damu ya mtu mmoja, ya siku hiyo."

Kemilembe aliitikia kwa kichwa. Alitaka kuomba msamaha na maneno hayakuja, akaishia kuuliza kama watamnyang'anya dawa zake.

"Nani akunyang'anye? Nitaandika kwenye faili ilivyotokea, kwa sababu ndivyo ilivyotokea. Na nitakuombea karatasi ya kujazia hiyo, ili siku zako ishirini na moja zitimie bila kuruka. Ungeficha, ungefika siku ya kumi na tano huna kitu, nasi tungeona dawa haifanyi kazi tukaanza kukubadilishia bure." Akamgeukia Mwajuma. "Kimebaki kidonge kimoja. Kiko wapi?"

Mwajuma alikuwa amekuja na mkoba wa mama yake. Alitaka kukitoa, Sista akamzuia, akavaa glovu, akaichukua ile karatasi na kuitia kwenye mfuko. Dawa hii, alimweleza, haitupwi chooni wala kwenye takataka, na asiyeumwa haishiki kwa mikono mitupu. Kilichobaki kinarudishwa hapa.

*

Sada aliamka vizuri siku ya tatu, homa imeshuka. Kemilembe aliruhusiwa kusimama mlangoni, barakoa usoni.

"Ungenyamaza," ndilo neno la kwanza la Sada. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini hasira zilikuwamo. "Mimi nilinyamaza. Walinihoji mara mbili, nikasema sijameza kitu. Nilikufichia wewe."

"Najua."

"Sasa watatuonaje?"

"Walikuwa wanataka kukutoboa mfupa, Sada."

Sada aligeukia ukuta. Kemilembe aliona hatasemeshwa tena, akaondoka. Alirudi Izigo na uzito mkubwa kuliko aliokuja nao. Kwa zaidi ya juma aliendelea kumeza kidonge chake kila asubuhi, na kila alipopiga simu ilipokelewa na Mwajuma: mama amelala, mama anaoga, mama yuko na wageni. Gamaliel alizisikia simu hizo akaendelea na kazi zake. Ila siku moja alimkuta mkewe ameshika simu jikoni, akamwambia, "Ana haki ya kukasirika. Na wewe ulikuwa na haki ya kusema. Mwache."

Simu ilikuja yenyewe siku ya kumi na mbili tangu waachane pale mlangoni.

"Dada, wamenipa," alisema Sada, bila salamu. "Damu imepanda. Wamenipa vidonge, lakini si vile. Hivi ni vya nguvu ndogo."

Kemilembe alisikia hofu ileile ya siku ile kwenye cherehani ikirudi katika sauti hiyo. "Sista amesemaje?"

"Amesema kila mwili una kiasi unachoweza kubeba, na kwamba wanaopunguziwa wanaendelea vizuri kama wengine. Nilibishana naye. Kisha nikakaa hapa kwenye kazi yangu nikafikiri." Ilisikika cherehani ikizunguka na kusimama. "Watoto ishirini darasa moja, sare moja, rangi moja. Lakini bado nawapima mmojammoja. Nikimshonea mwembamba nguo ya mnene, si nimemharibia? Na kitambaa ni kilekile."

"Ndivyo."

"Basi sijui kwa nini nilitaka kuvaa yako."

Walicheka wote wawili, kwanza kwa woga, kisha kweli. Kemilembe alimwomba radhi, safari hii maneno yakaja. Sada naye akamwomba radhi kwa ule mgongo aliompa hospitalini. Wakazungumza saa nzima, mpaka salio likaisha.

Mwaka mmoja na miezi mitatu umepita sasa. Picha za karibuni zinaonyesha ugonjwa wa Kemilembe haujasogea kwenye mifupa, na wa Sada umepungua kidogo, kwa hivyohivyo vidonge vya nguvu ndogo. Mara mbili tangu wakati huo Sada ameambiwa angoje wiki kabla ya kuanza paketi. Mara zote mbili aliuliza namba ya seli zake ni ngapi na inatakiwa ifike ngapi, akaiandika, akaenda nyumbani kushona. Hakusema kwamba haogopi. Alisema anajua anachokingojea.

Kemilembe hajaacha kugawa. Ndizi zinaondoka kibanjani kama zamani, na mwezi wa kumi na moja, senene, wale panzi wa kuliwa, walipoanguka kwa wingi, nusu ya ndoo aliyokaangiwa na Gamaliel ilikuwa imeshapelekwa kwa watu kabla mwenyewe hajaonja. Lakini vidonge vinakaa kwenye paketi yao, kabati la juu, na yeyote akitaka kujua kwa nini, atamwambia.

Alhamisi iliyopita palikuwa na mgeni kwenye benchi, mama wa Muleba anayeitwa Celina, aliyekuwa ametoka kupewa paketi yake ya kwanza. Alikuwa ameikumbatia kwa mikono yote miwili. Alimuuliza Kemilembe kwa sauti ya chini kama ni kweli watu huku wanasaidiana, mmoja akipungukiwa.

Sada, aliyekuwa ameketi upande wa pili, alikohoa kidogo na kutazama pembeni, akamwachia mwenzake.

Kemilembe alimsimulia. Hakuficha kitu: cherehani, maharage, korido, barua ya Mwanza. Alitaja mpaka siku ambazo rafiki yake hakutaka kusikia sauti yake. Celina alisikiliza bila kukatiza, na paketi ikashuka polepole kutoka kifuani mpaka mapajani. Habari ilipokwisha alifungua mkoba, akatoa kipimajoto kipya ambacho bado kilikuwa na karatasi yake ya dukani.

"Hiki nimenunua kama walivyosema," alisema. "Lakini kusema kweli sijui kinawekwa wapi."

Sada alisogea kwenye benchi mpaka akawa karibu naye, akakipokea. "Kwapani, mwenzangu," alisema. "Lete mkono."